Risasi

Neno lililonishinda ni dogo, herufi sita.
Miaka thelathini na moja nimeandika maradhi ya watu:
kipindupindu cha visima vya Kisauni,
mikoko ya Tudor iliyogeuzwa boriti,
homa ile ya viungo, mji mzima ukitembea kama bata.
Kila kimelea nilikitafutia jina,
na mengi yalikubali kuja.
Mengine niliyavuta kwa ndoana.
Hili lilikuja lenyewe, limevaa nguo ya mwenziwe.

Nyuma ya Magongo palikuwa na kiwanja
wakiyeyusha betri kuukuu za magari.
Nasema kiwanja; ni mabati manne na tanuri la pipa.
Moshi wake uliacha utamu ulimini,
nguo zilianikwa nzima, zikaanuliwa na vijitundu.
Kuku walikufa kwanza.
Kuku ndio hutangulia kutoa habari,
hawana mhariri wa kuwakatia aya.

Swafiya wa maabara alinipigia saa nne usiku.
"Yametoka," akasema. "Keti kwanza."
Nilikuwa nimeketi. Akanisomea vipimo
vya watoto thelathini na saba, bila majina,
kwa sauti ya mtu anayehesabu vyombo baada ya matanga,
nami nikiandika mgongoni mwa risiti ya mafuta ya taa.

Mwakio, mhariri wangu, alitaka kichwa kifupi.
Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mkutano wa chama;
nilipewa wa kumi na tatu, kando ya tangazo la magodoro.
Tukaandika: RISASI KATIKA DAMU YA WATOTO.
Ni Kiswahili sanifu. Kamusi iko upande wangu.
Madini mazito, laini, ya kijivu,
yaleyale wavuvi hufanyia chubwi.

Saa moja asubuhi, simu ya kwanza: nani aliyewapiga?
Ya pili, polisi: mbona hatukuarifiwa?
Ya tatu, mtu alipumua tu, akakata.
Na kule Magongo, Bi Nyevu Chirima
alisomewa gazeti na jirani barazani,
akamwingiza Mbodze ndani, akamvua gauni la shule,
akamgeuza: mgongo, kwapa, nyuma ya masikio,
akachambua nywele kama atafutaye chawa.
Nilipofika aliniuliza, wala si kwa hasira:
"Tundu liko wapi?"

Nimeyasomea haya. Nina cheti, kimetiwa kioo.
Nimekaa semina za hoteli za Nyali,
tukala sambusa, tukajadili namna ya kumfikia mwananchi.
Pale juu ya jamvi sikuwa na kitu.
Nikasema haina tundu. Huingia kwa pumzi,
kwa vumbi, kwa kidole kinachonyonywa.
Nikasema haitoki upesi, hukaa mfupani
kama mgeni ambaye hakuna wa kumuuliza atarudi lini kwao.
Akanitazama.
"Basi ni risasi," akasema,
"mbona unanizungusha?"

Kiwanja kilifungwa mwezi wa nane, kikafunguliwa kwingine.
Niliandika tena mara kumi na moja. Ya mwisho haikuchapwa.
Mwakio alipendekeza "madini hatari";
nilikataa, tukanuniana wiki mbili,
kila mtu na chupa yake ya chai.

Sasa nimestaafu. Daftari zimo ndani ya gunia la mchele,
mchwa wameanza na zile za ukame.
Jana, Changamwe, nilinunua viazi karai
kwa msichana mwenye kanga ya njano,
na ukwaju wa pilipili, shilingi hamsini.
Nikampa mia. Akaiangalia ile noti kwa muda mrefu,
midomo ikitembea.
Akanirudishia sabini.
Nikamjua kwa mwanya, ule wa mamake.
Niliweka ishirini mezani, nikasema imezidi.
Mbodze akazichukua, akazihesabu, akazihesabu tena,
akacheka: "Ni uchovu tu, mama.
Jua la leo."